Kongole kwa Wasomaji wa Tope la Bahari

Nawapa kongole wanajiokemia wanaochunguza tope la sakafu ya Mediterania, mbele ya delta ya Nile. Kwa macho, tope lote ni lile lile. Wao hupima uwiano wa isotopu mbili za elementi ya stronti: stronti-87 kwa stronti-86. Miamba ya volkano ya Ethiopia, yenye takriban miaka milioni 30, ina uwiano mdogo. Vumbi la Sahara, zao la miamba mikongwe ambamo rubidi imegeuka stronti-87 kwa muda mrefu mno, lina uwiano mkubwa. Hivyo hutenganisha kilicholetwa na Nile ya Buluu kutoka Ethiopia na kilichopeperushwa na upepo. (Nile Nyeupe huchangia kidogo, kwa kuwa vinamasi vya Sudd hunasa tope lake.) Kinachonigusa zaidi ni tabaka za enzi Sahara ilipokuwa na nyasi na maziwa: humo vumbi limepungua. Kazi yao yastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.