Kufuata Namba Mpaka Kwenye Udongo Wake

Mpe mhandisi mzoefu kitabu cha misingi asichokifahamu, halafu mtazame. Utangulizi hataugusa. Atakipindua kitabu, aende moja kwa moja kwenye orodha ya rejea, apitishe kidole juu ya majina na miaka, na kabla chai haijapoa ameshajua mwandishi kakopa kwa nani. Akiona sura nzima imeegemea kitabu kingine cha kiada, ambacho nacho kiliegemea kingine, anakifunga. Huenda ni kitabu kizuri tu, ila yeye anatafuta aliyepima kwa mkono wake.

Kazi hii haina kelele, na mteja hailipii kwa jina. Lakini jengo husimama juu ya namba, na kila namba ilizaliwa mahali fulani.

Chukua jaribio la udongo linaloitwa SPT, linalofanywa karibu kila panapochimbwa shimo la uchunguzi. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha milimita 760, na yanahesabiwa mapigo yanayozamisha bomba milimita 300 za mwisho. Karl Terzaghi na Ralph Peck waliihusisha hesabu hiyo na uwezo wa ardhi kubeba mzigo katika kitabu chao cha mwaka 1948, na michoro yao imenakiliwa tangu hapo, kitabu hadi kitabu. Msomaji wa nakala anaondoka na mchoro. Anayeendelea kufuata njia anafika kwenye makala ya Alec Skempton katika jarida la Géotechnique la mwaka 1986, na hapo anakutana na jambo ambalo mchoro haumwambii: nyundo za uzito mmoja hazipigi kwa nguvu moja. Kamba iliyozungushwa kwenye ngoma ya winchi hula sehemu ya nishati, mtambo mwingine hula kidogo kuliko hiyo, ndiyo maana mapigo husahihishwa yalingane na asilimia 60 ya nishati ya kinadharia. Basi mapigo 15 ya mtambo huu huenda yasiwe 15 ya ule. Mtu aliyefika hapo haulizi tena idadi ya mapigo peke yake. Anauliza yalipigwa na nyundo gani.

Toleo nalo lina mambo yake. Kanuni ya zege ya Uingereza, BS 8110, ambayo vivuli vyake vimezagaa kwenye ofisi nyingi za kwetu, ilitumia kigawo cha usalama cha nondo cha 1.15 mwaka 1985. Toleo la 1997 likakishusha hadi 1.05, marekebisho ya 2005 yakakirudisha 1.15. Jalada linafanana, nondo zinapungua au kuongezeka. Fundi wa rejea hakosi kutazama mwaka, na mwenye kivuli kisicho na ukurasa wa mbele anamrudishia kwa upole.

Pa kutafuta papo, tena bila gharama kwa anayejua. Miongozo ya Jeshi la Wanamaji la Marekani kuhusu udongo na misingi husomwa bure, na makala za mikutano ya kimataifa ya wahandisi wa udongo, tangu ule wa kwanza wa Harvard mwaka 1936, zimewekwa wazi mtandaoni.

Utamu wa ufundi huu nauona zaidi kwenye Sasumua, bwawa la Kinangop linaloipelekea Nairobi maji. Anayejenga juu ya udongo mwekundu wa nyanda za juu akitafuta kwa maneno “udongo mwekundu” atazama kwenye bahari. Hodari hutafuta kwa jina la mahali na jina la madini: Sasumua, haloisaiti. Hapo inajitokeza makala ya Terzaghi ya mwaka 1958, iliyochapwa na Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya London. Udongo wa bwawa lile ulikuwa na mfinyanzi mwingi kiasi cha kutia hofu, lakini uliposhindiliwa ukawa imara kuliko vipimo vya kawaida vilivyoashiria. Terzaghi alieleza kwamba chembe za mfinyanzi zilikuwa zimeshikamana kuwa vifundo vigumu vyenye vinyweleo.

Mwingine angetosheka. Huyu anageuka na kutafuta waliomnukuu Terzaghi baadaye, na anampata Newill, aliyechapisha katika Géotechnique mwaka 1961 uchunguzi wa maabara wa aina mbili za udongo mwekundu wa Kenya, mmojawapo ukiwa huohuo wa Sasumua. Ukisoma kuhusu haloisaiti unagundua pia kwamba ikikaushwa hupoteza maji ambayo hairudishi hata ukiilowesha upya, na majibu ya vipimo hubadilika nayo.

Kwa hiyo kabla hajakokotoa chochote anaandika barua fupi kwa maabara: sampuli zipimwe zikiwa na unyevu wake wa asili, na zisipitishwe kwanza kwenye oveni.