Kandanda Katika Nyumba ya Wakimbiaji

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2012 nilikuwa nimekaa juu kabisa katika uwanja wa Olimpiki wa Stratford, mashariki ya London, David Rudisha alipozunguka mara mbili kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho. Walikimbia wanane, na yule wa nane alitumia muda ambao ungempatia dhahabu katika fainali za 2000, 2004 na 2008. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nina kisasi na jengo lile. Kwa shughuli ya usiku ule lilikuwa jengo kamili. Popote ulipokaa ulimwona mtu akitoka, akikata kona, akirudi. Umbali haukukupunguzia kitu, kwa kuwa mbio za namna ile hutaka jicho lione duara zima.

Miaka minne baadaye nilirudi pale pale kuitazama West Ham United, timu ambayo nimeifuata tangu nilipohamia mtaa ule, na nikajikuta nakodoa macho nimtambue mpiga kona. Bastola ilikuwa imeondoka, wakimbiaji wameondoka, lakini nafasi yao ilibaki, pana na tupu, kati yangu na mpira.

Klabu hii ilikaa Upton Park tangu 1904 hadi 2016. Wasioujua uwanja ule wa zamani huniuliza ulikuwa na uzuri gani, nami hushindwa kuwaambia ulikuwa mzuri. Ulikuwa umebanwa na nyumba za watu, vyoo vyake ni afadhali nisivitaje, na ulichukua watu elfu 35 tu. Lakini mrusha mpira akirudi nyuma hatua mbili tatu alikuwa karibu kuwakalia mapajani watu wa mstari wa mbele. Ulisikia kiatu kikigonga mfupa. Ulimsikia beki akimlaani mwenzake. Mchezaji aliyecheza vibaya hakuwa na pa kujificha, na aliyecheza vizuri aliyaona machozi ya mtu mzima kwa macho yake.

Aliyenitia katika mapenzi haya ni mzee mmoja wa Mombasa niliyemzoea kumwita Ami, ingawa hatuna damu moja. Alikuwa na kiti karibu na changu. Jioni ya mechi ya mwisho pale, tarehe 10 Mei 2016, tulikosa tiketi sote wawili, tukakaa katika mkahawa wa Green Street mbele ya televisheni. Mechi ilichelewa kuanza kwa dakika 45, kwa kuwa basi la Manchester United lilirushiwa chupa njiani. Ilipokuwa sare ya mabao mawili, dakika ya 80, tulisikia mngurumo kutoka uwanjani wakati katika televisheni mpira ulikuwa haujafika langoni. Ndipo tukamwona Winston Reid akipiga kichwa, tukashangilia bao ambalo mtaa mzima ulikwisha kulisikia.

Sasa nije kwenye jengo lenyewe, maana lawama nyingi huelekezwa pasipostahili. Uwanja wa Stratford ulijengwa uchukue watu elfu 80 kwa Michezo ya 2012, na shauri la awali lilikuwa kuupunguza hadi elfu 25 ubaki wa riadha. Kandanda haikufikiriwa kwa dhati katika michoro ile ya kwanza. Ilipogundulika kwamba riadha peke yake haitalipa hata taa, ndipo klabu zikaitwa. Tottenham walitaka kuubomoa na kujenga wa kandanda mahali pake. West Ham waliahidi kuihifadhi njia ya mbio. Wakapewa West Ham, makubaliano hayo yakavunjika mwaka 2011, wakapewa tena mwaka 2013. Ni shida kwa mtu wa Upton Park kuandika sentensi ifuatayo, lakini nitaiandika: kwa upande wa mchezo wenyewe, Tottenham walikuwa na haki.

Basi paa likabomolewa na kujengwa kubwa zaidi, na viti vya chini vikafanywa vya kusogezwa: majira ya baridi vifunike njia ya mbio, majira ya joto virudi nyuma wakimbiaji wapite. Ujenzi wa kwanza na mageuzi kwa jumla vilizidi pauni milioni 700. Klabu ikapangishwa kwa miaka 99 kwa kodi ya pauni milioni mbili na nusu kwa mwaka, na kuvisogeza tu viti vile kukageuka kuwa gharama ya mamilioni kila mwaka, mzigo wa mlipa kodi wala si wa mpangaji. Mwaka 2017, mashindano ya riadha ya dunia yalipokuja Stratford, mpangaji ilibidi aanze msimu kwa mechi tatu za ugenini, kama mtu anayeombwa atoke sebuleni wageni wa mwenye nyumba walale.

Huweka kando ya hayo mfano wa Manchester. Uwanja uliojengwa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 ulichorwa tangu mwanzo kwa nia ya kukaliwa na Manchester City. Michezo ilipokwisha, njia ya mbio iling'olewa, ardhi ikachimbwa kwenda chini, na safu mpya ya viti ikateremka mpaka karibu na chaki. Waliohamia mwaka 2003 walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Tofauti ya miji hii miwili ni kwamba mmoja uliamua kabla ya kumwaga zege.

Nakiri pia kwamba sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuzimia kwa kuona njia ya riadha. Nyayo inayo, Kasarani inayo, uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam nao unayo. Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kwa sare ya Nairobi baada ya sare ya Tunis, hapana aliyerudi nyumbani akilalamikia umbali. Lakini huko hatujahamishwa kutoka kwenye kitu kingine. Maumivu ya Stratford ni ya mtu aliyejua pua ya mchezaji inavyotoka jasho, kisha akapewa darubini.

Misimu ya kwanza ilikuwa mibaya kweli kweli. Watu waligombana wao kwa wao juu ya kusimama na kukaa. Kapeti ya kijani ilitandazwa kuficha njia, ikaionyesha zaidi. Baadaye ikabadilishwa kuwa ya rangi ya damu ya mzee, rangi ya klabu, na hilo nalihesabu kuwa jambo la busara. Tarehe 10 Machi 2018, siku ya kufungwa 3–0 na Burnley, mashabiki waliingia uwanjani, mmoja aking'oa kibendera cha kona na kukisimika katikati kama mtu anayedai shamba lake, huku chini ya jukwaa la wakurugenzi umati ukipiga kelele. Niliporudi nyumbani niliandika kurasa nne za hasira, nikampelekea Ami asome.

Alisoma, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "umeandika vizuri. Lakini wewe hukuwako Aprili ya 1972."

Siku anayoisema ni tarehe 1 Aprili mwaka ule, West Ham walipowapanga Clyde Best, Clive Charles na Ade Coker pamoja dhidi ya Tottenham, weusi watatu katika timu moja ya daraja la juu la Uingereza, jambo ambalo halikuwa limeonekana. "Watatu chini," alisema Ami, "na juu, katika upande wangu, mimi peke yangu. Tulishinda mbili bila. Aliyesimama nyuma yangu aliwashangilia wale watatu, na mimi akanitukana mpaka mwisho, nikiisikia pumzi yake shingoni. Ukaribu unaousifu, mimi ulinifikia pamoja na mate." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba Stratford aliweza, kwa mara ya kwanza, kumpeleka mjukuu wake wa kike bila kumwangalia kila dakika.

Nikazifuta kurasa mbili kati ya nne. Mbili nilizobakiza nazishikilia hata leo: kwamba macho ya mtazamaji yaliuzwa, na kwamba waliouza walisema ni maendeleo. Lakini niliyokuwa nimeyaandika juu ya udugu wa Upton Park yalikuwa ya mtu aliyefika akakuta matusi yamekwisha pungua, kisha akadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Na zile chupa za siku ya mwisho nilikuwa nimezipitisha kwa nusu sentensi.

Magoti ya Ami hayaupendi mwendo wa kutoka stesheni ya Stratford, hata akawa haendi ila kwa nadra. Alikwenda tarehe 17 Machi 2022, usiku wa Sevilla, tukiwa nyuma kwa bao moja la Hispania. Souček alisawazisha kabla ya mapumziko. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na watu karibu elfu 60 wakaimba wimbo wao wa mapovu hata viti vile vya kusogezwa vikawa vinatetemeka chini yetu. Sijapata kusikia sauti ile Upton Park, nalisema hilo bila kulazimishwa. Dakika ya 112 Andriy Yarmolenko akafunga katika lango la mbali. Ami alikuwa amesimama, magoti na yote, amenikamata bega, akinipigia kelele sikioni ili nimsikie:

"Nani kafunga? Mwanangu, nani kafunga?"