Hesabu Watano: ramani ndogo ilivyofundishwa kijiweni Mikese

"Mjomba, hawa wametokea wapi tena?" Mpwa wangu alikuwa akiuliza hivyo kila alipouawa kwenye Mobile Legends. Ni bodaboda wa Mikese, kijiwe chao kipo kando ya barabara kuu ya Morogoro, na abiria wakiadimika simu hutoka mfukoni. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Kushambulia anajua, kukimbia anajua. Pembe ya juu kushoto ya kioo, ilipo ramani ndogo, ndiyo iliyokuwa ikimshinda.

Kwa asiyeujua mchezo: watu watano wanapambana na watano, njia kuu ni tatu, na katikati yake kuna pori. Adui haonekani kwenye ramani mpaka mwenzako, mnara wenu au askari wenu wadogo wamwone. Akijitosa porini au kichakani, alama yake inafutika.

Wakongwe wa gemu humwambia mgeni "angalia ramani", wakaishia hapo. Mimi naona ushauri huo haumsaidii kitu. Kijana aliangalia, tena mara nyingi. Aliona alama tatu nyekundu juu kabisa, yeye yuko njia ya chini, akajiona salama akasonga mbele kuubomoa mnara. Waliommaliza ni wawili ambao ramani haikuwaonyesha.

Basi nikabadili swali. Jioni moja nilimkataza kucheza kabisa. Tukafungua marudio ya mechi alizopoteza, nikakifunika kioo kwa kiganja nikaacha ramani peke yake. Kila baada ya muda mfupi nasimamisha.

"Wangapi?"

"Watatu."

"Bado?"

"Wawili."

"Mara ya mwisho uliwaona wapi?"

Hapo akakwama. Nikamuuliza habari ya kazi yake: lori lipo nyuma yako, unaliona kwenye kioo cha pembeni, ghafla kiooni halimo. Utasema limeyeyuka? Akacheka. "Hapo lishafika ubavuni, mjomba." Tangu hapo sikuhitaji kueleza sana. Kazi ikabaki kumzoesha mambo mawili kwa kila aliyepotea: alionekana wapi mwisho, na tangu hapo angeweza kupita wapi kumfikia. Aliyepotea njia ya kati sekunde chache zilizopita ni wa kuogopwa ukiwa njia yoyote ya pembeni. Aliyeonekana sasa hivi upande wa pili wa ramani, mwache kwanza.

Milima ya Uluguru inaonekana kutoka Mikese, na hadithi yake niliitumia bila aibu. Agosti 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Jan Smuts wa upande wa Waingereza alidhani amembana pale Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mpango wake ulikuwa kuishika milima pande zote mbili. Upande wa magharibi wapanda farasi wake waliiteka Mlali. Morogoro ilipochukuliwa tarehe 26, Wajerumani walikwisha kuondoka. Smuts mwenyewe aliandika katika taarifa yake kwamba hakuwa na habari ya njia itokayo Morogoro kwenda kusini moja kwa moja, ikikatiza milimani hadi Kisaki. Ramani alikuwa nayo. Pale palipokuwa patupu yeye alipahesabu kuwa ukuta. Jeshi lake likabaki kufukuzia, na Mikese, kwa kuwa ipo kwenye reli, ikawa mahali pa kushushia mizigo iliyopelekwa kusini kwa barabara ya Matombo.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwenye gemu pori ndilo Uluguru. Sikuwa na la kuongeza.

Lini atazame? Si katikati ya ugomvi. Hapo macho yabaki kwa adui. Tulichagua nyakati ambazo mikono haina kazi: akishamaliza kundi la askari wadogo, akiwa anatembea, na akiwa amekufa anasubiri kurudi. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, na wengi huipoteza kwa kuwalaumu wenzao. Nilimtaka ahesabu kwa sauti, jambo lililowachekesha wenzake wa kijiweni siku mbili tatu. Tukaongeza saa: kasa mkubwa, mnyama anayegombewa na timu zote mbili mtoni, hutokea mechi ikifika dakika ya 2, kwa hiyo watu wakipotea muda mfupi kabla ya hapo, mtoni ndiko pa kuwashuku kwanza.

Mbinu hii ina upungufu wake. Mtandao ukiwa mzito ramani inachelewa, na mwenzako asipotoa ishara kwamba adui wake ameondoka, unabaki kukisia. Mwanzoni pia kijana alipunguza kasi, akapoteza mechi ambazo zamani angeshinda kwa mikono tu. Nilimwacha apoteze.

Juzi kafa tena, njia ileile ya chini. Safari hii hakuuliza kitu. "Wawili walikuwa hawapo, nikaona tamaa ya mnara," alisema, akaweka simu mfukoni, maana abiria wa Morogoro alikuwa keshapanda.