Je, ni Kweli Wakristo Wanasema Madhambi Yote ni Sawa?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Katika mihadhara ya mwambao wetu husikika kuwa Wakristo hawatofautishi dhambi na dhambi: mwizi wa nazi na muuaji kwao ni sawa. Niliwahi kumwona kijana wetu hapa Pangani akiitoa hoja hii, akanyamazishwa na katekista kwa jibu moja tu.

Kanisa Katoliki hugawa dhambi mafungu mawili: ya mauti na nyepesi. Ya mauti ina masharti matatu: jambo liwe zito, mtendaji alijue, na aridhie kwa hiari yake. Afaye nayo bila kutubia huingia motoni milele. Mwenye nyepesi hutakaswa toharani. Hutegemea Waraka wa Kwanza wa Yohana 5:16-17. Walutheri, waliofika Usambara mwaka 1891, hawana toharani. Na Waprotestanti wengi hutumia Yakobo 2:10 kuonesha kuwa kuvunja amri moja ni kuiasi sheria nzima.

Je, hayo ni mageni kwetu? Abu Ishaq al-Isfaraini (aliyefariki 418 H) aliona kila maasi ni makubwa kwa kutazama utukufu wa Anayeasiwa. Jumhuri ya wanavyuoni wakagawa makubwa na madogo kwa dalili ya Suratun-Nisaa, aya ya 31. Ibn Hajar al-Haytami, wa madhehebu yetu ya Shafii, akayaorodhesha makubwa katika Az-Zawajir.

Basi mgogoro hauko katika mgawanyo. Uko katika hukumu. Kwa Ahlus-Sunna, mwenye dhambi kubwa akifa juu ya Tawhid yuko chini ya matakwa ya Allah: akitaka humsamehe, akitaka humuadhibu, wala hamdumishi motoni. Toba yake hapeleki kwa padri.

Uko pia katika dhambi ya asili. Wao hujibu kuwa hiyo ni hali iliyorithiwa, si kitendo cha mtoto. Vyema, lakini kwa nini hali isiyo kitendo ihitaji fidia ya damu? Suratun-Najm, aya ya 38, imekataa mtu kubebeshwa mzigo wa mwingine, na Ezekieli 18:20 yakaribia hapo hapo.

Ndugu zangu maimamu, Suratul-Maida, aya ya 8, imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaochukiana nao. Tusimzulie mtu asilolisema, ilhali alilolisema latosha kujibiwa.

Wallahu aalam.