Ganda kwa Ganda
Ukipanda kokwa la embe lililokufurahisha, hujui utavuna nini. Shada moja la mwembe hubeba maua mamia, hata maelfu, mengi yakiwa ya kiume, na nzi ndio wapitao huku na huku na chavua. Mama wa kokwa unamjua. Baba wake humjui. Kwa aina nyingi zinazotafutwa sokoni, unaweza kungoja miaka sita au zaidi ukapata embe jingine kabisa.

Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wa kubebesha miche hapa Mlandizi. Kazi yao huanza mapema, kabla kisu hakijashikwa. Fundi huenda kwenye mwembe mzazi, huchagua ncha ya tawi lenye afya, hukata majani na kuacha vikonyo vyake, kisha huondoka. Baada ya wiki moja hivi, jicho la ncha limevimba. Hapo huikata asubuhi na kuifunga kwa kitambaa kibichi. Kitaluni kinangoja kiriba chenye mche wa embe la kienyeji, unene wa penseli.

“Mzee, hiki je?” kijana anamuuliza fundi, akinyoosha kijiti cha ncha iliyokatwa.

“Hicho kimeshafumbua, mwanangu. Kiweke kando.”

Kisu kimefutwa kwa spiriti. Mzee anakata kichwa cha mche na kupasua shina katikati. Kijiti anakichonga kabari kwa mikato miwili tu, mmoja kila upande, ili uso ubaki laini. Anapokichomeka, macho yake yako pembezoni: ganda likutane na ganda. Chini tu ya ganda pana utando mwembamba wa seli zinazozidi kugawanyika, na ni hapo mimea miwili hushikana. Kijiti kikiwa chembamba kuliko shina, hakiweki katikati. Anakisogeza upande mmoja ili walau ganda la upande huo likutane. Kisha anazungusha utepe wa nailoni kwa kukaza na kufunika kwa kimfuko, kwa kuwa kijiti bado hakina mizizi ya kukinywesha.

Yakipita majuma matatu hivi, jicho hufunguka. Mizizi hubaki ya kienyeji. Kilicho juu ya kiungo ni mwembe mzazi wenyewe. Embe aina ya Kent lilitokana na kokwa lililopandwa Coconut Grove, Florida, Marekani, mwaka 1932. Kila mche wa Kent uliobebeshwa ni tawi la mti ule mmoja, lililopita mikononi mwa mafundi hadi kufika kwetu.

Basi mnunuzi asinung'unike kwa bei ya mche huu kuuzidi ule wa kokwa. Akikague kiungo, ang'oe kila chipukizi linalotoka chini yake, na alipe kwa moyo mweupe. Miaka mitatu au minne ijayo atakula embe analolijua.