Ufundi wa Nukta Tatu

Mashine ya kwanza ya michezo ya video kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani haikuwa na kompyuta ndani yake. Haikuwa na kumbukumbu wala programu, haikutoa mlio wowote, na haikujua nani anaongoza. Iliitwa Odyssey, ikatengenezwa na kampuni ya Magnavox ya Marekani, na ilipofika madukani mwaka 1972 ndani yake mlikuwa na transista kama 40, dayodi kama 40, na rezista na kapasita za kuzisindikiza. Kwa vitu hivyo mafundi wake waliweza kuwasha kwenye kioo cha televisheni nukta tatu nyeupe za mraba na mstari mmoja wa wima. Basi. Na kwa nukta hizo familia zilicheza tenisi, zikateleza juu ya theluji, zikawinda mzuka ndani ya nyumba. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa za mikono ya fundi katika karne iliyopita.

Kazi hiyo ilianzia kwa fundi redio. Ralph Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1938 familia hiyo ikakimbilia New York kuyaokoa maisha yake. Kijana akaanza na kibarua cha kiwandani, kisha akaona tangazo la kozi ya kutengeneza redio inayosomwa kwa posta. Alijiandikisha, akahitimu mwaka 1940, akawa anatengeneza redio za watu. Baada ya vita alisomea uhandisi wa televisheni huko Chicago, akapata shahada mwaka 1949. Shahada ni jambo kubwa, lakini nikiutazama mchoro wa saketi za Odyssey ninachokiona kwanza ni yule kijana wa redio. Fundi redio hajazoea kupewa kila anachokitaka. Anazoea kuuliza kapasita hii, ambayo tayari anayo mkononi, inaweza kufanya kazi gani nyingine.

Mwishoni mwa Agosti 1966 Baer alikuwa New York kikazi, ameketi nje ya kituo cha mabasi akimsubiri mwenzake. Akawa anawaza juu ya televisheni zilizojaa katika nyumba za Wamarekani, mamilioni kwa mamilioni, ambazo kazi yake pekee ilikuwa kupokea kinachorushwa na wengine. Tarehe 1 Septemba, akiwa amerudi kazini, aliandika kurasa nne za maelezo ya kifaa cha bei ndogo ambacho mtu angekiunganisha na televisheni yake akacheza nacho. Mwajiri wake, kampuni ya Sanders Associates ya Nashua, New Hampshire, ilikuwa inatengeneza vifaa vya kijeshi, na hakuna aliyemwagiza kufanya jambo kama hilo. Hata hivyo alipewa dola 2,500 za kuanzia na fundi mmoja, Bill Harrison, ambaye ndiye aliyeshika hasa chuma cha kulehemu. Baadaye akaongezwa mhandisi Bill Rusch. Mwanzoni nukta zilikuwa mbili, zikifukuzana tu. Rusch ndiye aliyependekeza ya tatu, isiyoshikwa na mchezaji yeyote, iendayo yenyewe. Mpira ukawa umezaliwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo.

Televisheni ya zamani haichori picha yote kwa mkupuo. Mwali wa elektroni hukimbia nyuma ya kioo mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, ukishuka toka juu hadi chini. Katika mfumo wa Marekani mstari mmoja huchukua kama mikrosekunde 63, na mshuko mzima sehemu moja ya sitini ya sekunde. Kila mstari na kila mshuko huanzishwa na mpigo mfupi wa umeme. Sasa fundi asiye na kompyuta anataka kuweka nukta katikati ya kioo. Ataandika wapi kwamba nukta iko pale? Hana pa kuandikia.

Jibu lao lilikuwa kusubiri. Mpigo wa kuanzisha mstari unapotoka, kapasita ndogo huanza kujaa chaji kupitia rezista ambayo mchezaji anaibadilisha kwa kifundo alichokishika. Chaji ikifika kiwango fulani transista hugeuka, na mpigo mpya hutoka. Zungusha kifundo ili kapasita ijae polepole zaidi, mpigo utachelewa. Na kwa kuwa mwali haukusimama kuusubiri, kuchelewa huko kwenye kioo huonekana kama kusogea kulia. Saketi nyingine ya aina hiyohiyo huchelewesha mpigo wa kushuka, na huko ndiko kusogea chini. Dayodi chache hungoja mipigo yote miwili. Ikikutana, mwali huongezewa nguvu kwa muda mfupi mno, na kioo kinawaka mahali pamoja tu. Mikrosekunde 30 hivi za kuchelewa, na nukta iko karibu na katikati.

Kwa hiyo ukifungua sanduku kuitafuta ile nukta hutaipata. Haijahifadhiwa popote. Inatengenezwa upya mara 60 kila sekunde, na mahali pake ni muda tu, muda uliopimwa na kapasita ya bei ya chini kabisa. Mpira nao hutembea kwa sababu kapasita nyingine, inayojaa taratibu, inauongezea muda wake wa kuchelewa kidogo kidogo. Na mashine inajuaje kwamba mpira umegonga kibao? Haihesabu chochote. Nukta mbili zikiwaka kwa wakati uleule, maana yake ziko mahali palepale. Dayodi hulihisi hilo, saketi ya kugeuza hupinduka, mpira unarudi ulikotoka. Nimesoma maelezo ya mashine nyingi za baadaye, zenye nguvu kuliko hii mara maelfu, na sijaona jibu lililonipendeza kama hili. Swali zima la kugongana limemalizwa bila hesabu yoyote.

Kufikia mwaka 1968 walikuwa na sanduku la saba katika mfululizo wa majaribio yao, lililovalishwa plastiki ya kubandika yenye michirizi ya mbao ili lipendeze machoni pa wanunuzi. Likajulikana kama Brown Box. Watengenezaji wa televisheni walionyeshwa, wakalisifia, wakaenda zao. Mazungumzo na RCA yalifika mbali kisha yakavunjika, lakini mmoja wa waliolishuhudia akiwa huko, Bill Enders, alihamia Magnavox na hakulisahau. Mkataba ulitiwa saini Januari 1971.

Magnavox, kutoka makao yake ya Fort Wayne, Indiana, ikaanza kupunguza. Saketi ya kutia rangi ikaondolewa ili kuokoa gharama. Swichi za kuchagulia mchezo zikabadilishwa kuwa kadi sita za kuchomeka. Wengi hudhani kadi hizo zilibeba michezo ndani yake, kama kaseti za gemu zilizokuja baadaye. Hazikubeba kitu. Ni vipande vya bodi vyenye njia za shaba zinazounganisha pini hii na ile, kiasi kwamba ukichomeka kadi unakuwa umezifunga nyaya za mashine upya. Hata swichi ya kuwashia hakuna: kadi ikiingia umeme unapita, ikitoka unakatika. Badala ya rangi iliyoondolewa zikaja karatasi za nailoni zilizochapwa picha, za kubandikwa juu ya kioo, kwa vipimo viwili kulingana na ukubwa wa televisheni. Zikaongezwa dadu, karata, pesa bandia, vipande vya kuhesabia, ubao wa pointi. Baer hakufurahishwa na vikorokoro hivyo, wala na bei, maana yeye alikuwa amewazia kifaa cha dola 20 na kitu. Kuhusu bei nakubaliana naye. Kuhusu vikorokoro nasimama na Magnavox, na nitaeleza.

Odyssey haikupatikana kila mahali. Magnavox iliiuza kupitia mawakala wake tu, yale maduka yaliyouza televisheni zake, kwa bei ya karibu dola 100, fedha nzito kwa siku zile. Namna ilivyotangazwa na kuonyeshwa iliwaachia watu wengi imani kwamba inafanya kazi na televisheni za Magnavox peke yake. Haikuwa kweli, lakini nani angetoa dola 100 kujaribu? Hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 1975 zilikuwa zimeuzwa takriban 350,000. Kwa nchi yenye televisheni nyingi vile, walioimiliki mapema walikuwa wachache, na kila mmoja wao aliingia katika jambo ambalo jirani yake hakuwa na neno la kuliitia.

Fikiria walivyoanza. Bisibisi inafungua nyaya za antena nyuma ya televisheni, nyaya zinafungwa kwenye kisanduku chenye swichi ya kuchagua kati ya matangazo na mchezo. Betri sita zinawekwa. Chaneli inageuzwa hadi ya 3 au ya 4. Mtoto anashika karatasi ya nailoni kwa ncha za vidole, anailaza juu ya kioo, na umemetuli wa kioo chenyewe unaivuta ikagandana nacho kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Ghafla nukta nyeupe isiyo na maana yoyote inang'aa nyuma ya mlima wenye njia ya theluji, na mtu anaanza kuishusha kwa vifundo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Ajaribu mtu yeyote kufuata mchirizi wa mshazari kwa vifundo viwili. Mikono yote miwili lazima ikubaliane, na mwanzoni haikubaliani.

Na hakuna kinachomzuia kutoka nje ya njia. Mashine haijui kwamba kuna mlima. Katika mchezo wa nyumba ya mzuka, nukta inaweza kupenya ukuta wowote uliochapwa kwenye nailoni. Katika ule wa paka na panya, panya anaweza kukatiza anapotaka. Kinachowazuia ni kwamba wamekubaliana kutofanya hivyo, na kwamba wanatazamana. Ni kama bao: ubao ni mashimo na kete tu, na sheria zote zinakaa vichwani mwa waliolizunguka. Ndiyo maana navitetea vile vikorokoro. Dadu na karata ziliiambia familia kwamba nusu ya mchezo iko juu ya meza, kwamba mwamuzi ni mama, kwamba pointi ataandika aliye mkweli. Tunaozungukwa na michezo inayotuhesabia, kutushangilia na kutukumbusha kurudi kesho, tunaweza kuiona Odyssey kuwa na upungufu. Kwangu mimi mafundi wale walijua waishie wapi, na ujuzi huo naona ni mgumu kuliko wa kuongeza.

Tenisi ya mezani ndiyo inayokumbukwa zaidi. Mchezaji alikuwa na kifundo cha tatu, cha kupinda mpira. Baada ya kuupiga aliendelea kuuongoza ukiwa njiani, akiupeleka juu au chini hadi mpinzani apotee. Aliyekosa ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuurudisha uwanjani. Tarehe 24 Mei 1972 mashine ilionyeshwa Burlingame, California, na miongoni mwa waliohudhuria na kuijaribu alikuwepo Nolan Bushnell. Kabla mwaka haujaisha kampuni yake, Atari, ilikuwa imetoa Pong, iliyojengwa na Al Alcorn, mashine ya kumbini yenye sauti na pointi. Dunia ikaimba Pong. Magnavox ilikwenda mahakamani ikiwa na hataza za Baer na Rusch, na mwaka 1976 Atari ikakubali kulipia leseni. Sioni haja ya kumdharau Alcorn, maana kazi yake ilikuwa ya ustadi mkubwa. Ila mpira wake ukishapigwa hauongozeki tena, na hilo mimi hulikosa.

Brown Box leo imo katika Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, la Smithsonian, huko Washington. Baer alitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia na Rais George W. Bush mwaka 2006, akaendelea kubuni vitu nyumbani kwake hadi alipofariki Desemba 2014, akiwa na umri wa miaka 92. Karakana yake nayo ilihamishiwa jumba hilohilo la makumbusho.

Odyssey zenyewe bado zinatafutwa, na zenye kila karata na kila kipande ni adimu, kwa kuwa vitu vidogo ndivyo vilivyopotea kwanza katika nyumba zenye watoto. Nailoni hazishiki vizuri kwenye vioo bapa vya siku hizi, kwa hiyo mwenye mashine hutafuta pia televisheni nene ya zamani. Lakini sanduku lenyewe hutengenezeka. Ndani kuna bodi kuu, na juu yake bodi ndogo zimechomekwa wima, kila moja na kazi yake: hii ya nukta ya mchezaji wa kwanza, ile ya wa pili, ile ya mpira, ile ya mstari. Nukta moja ikigoma kuwaka, fundi hubadilishana bodi za wachezaji wawili aone ugonjwa unahamia upande gani. Kisha huchukua mita, hupima transista moja moja, hukagua kapasita zilizokauka kwa umri, na iliyokufa huing'oa na kulehemu mpya ya bei ya senti chache. Hahitaji kumwomba mtu yeyote programu wala ruhusa. Kila kinachofanyika ndani ya mashine hiyo kinaonekana kwa macho na kupimika kwa mkono.