Askari Aliyechelewa

Riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliitia katika Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, hukumbukwa na wengi kwa mieleka, viazi vikuu na mgongano wa dini mbili. Wachache huupa mwisho wake uzito unaostahili. Kwa maoni yangu, mwisho huo ni hukumu juu ya kazi ya askari: afika na silaha palipohitaji faraja, tena afika saa imekwisha pita.

Tuutazame mpango wa mwandishi. Okonkwo na wakuu wenziwe watano wametiwa pingu, wamenyolewa vichwa na kupigwa na matarishi wa mahakama. Wametoka kifungoni, lakini aibu haikuwatoka. Mkutanoni Okonkwo amwua tarishi mmoja kwa panga. Wenzake wawaacha matarishi wengine wakimbie, kisha waulizana kwa nini amefanya hivyo. Waulizana wao kwa wao. Yeye mwenyewe hapana amwulizaye. Afuta panga lake mchangani, aondoka. Hapo sura yafungwa. Sura ifuatayo yaanza na Mkuu wa Wilaya kuwasili pamoja na askari na matarishi, kumkamata mtu ambaye amekwisha jiua.

Yamkini msomaji atalalamika kwamba Achebe ametunyima saa ya mwisho ya mtu tuliyemfuata tangu mwanzo. Mimi naona kunyamaza huko ni ustadi. Kati ya sura hizo mbili pana pengo, na katika pengo hilo hatuonyeshwi rafiki, wala mzee, wala askari. Obierika amshutumu Mkuu wa Wilaya kwa uchungu, na shutuma yake ni ya haki. Ila riwaya haituambii kuwa yeye mwenyewe alimfuata rafiki yake. Mkuu wa Wilaya naye aagiza waliopo wapelekwe mahakamani, kisha awaza aya moja ya kitabu anachokusudia kuandika. Maisha ya mtu mzima yapimwa kwa aya.

Jina la tafsiri lisimpotoshe kijana. Ushujaa wa Okonkwo ulikuwa katika kuinuka kutoka umaskini wa baba yake. Kifo chake hakikumwokoa mtu, wala hakikuirudishia Umuofia heshima yake.

Kisa hiki si cha Umuofia peke yake. Kenya nayo ilirithi sheria za wakoloni, na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, aliyeweza kufungwa hata miaka miwili. Waingereza walikwisha kuifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961. Hapa kwetu, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba.

Wako wanaosema kwamba hofu ya kifungo huwazuia watu. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyekata tamaa ya uhai haogopi jela; hofu humfunza kuficha maumivu yake tu, na jamaa zake wakaficha pamoja naye. Si kwamba askari hana kazi. Mara nyingi ndiye aitwaye kwanza, hata usiku wa manane, na Sheria ya Afya ya Akili humpa uwezo wa kumchukua mgonjwa aliye hatarini na kumfikisha hospitali. Uwezo huo wataka ulimi wa upole na subira ya kusikiliza. Pingu haziponyi moyo.

Lakini tusimwachie askari peke yake lile pengo la Achebe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: huonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Mwanafunzi aonaye mwenzake amejitenga na kunyamaza, amwulize yeye mwenyewe, asiwaulize wengine; kisha amwarifu mwalimu au mzazi upesi. Na mwenye kulemewa azungumze na mtu mzima amwaminiye, au apige simu ya watoto, 116, isiyo na malipo. Umuofia iliuliza swali lililo jema, lakini haikumwuliza aliyestahili kuulizwa.